Mbwa Ana Kansa? Usikimbilie Kumuua

Katika maboma ya Mbulu na Hanang, mbwa ndiye anayewahi kumsikia fisi anapolikaribia zizi. Akiugua, anastahili kutibiwa. Daktari wa mifugo anajibu maswali anayoulizwa zaidi na wafugaji.

Shikamoo daktari. Mbwa wangu dume anadondosha damu sehemu za siri, na kuna nyama nyekundu imeota. Jirani anasema nimuue asije akaambukiza watoto.

Marahaba. Usimuue. Dalili hizo zinafanana sana na kansa ya kuambukiza ya mbwa. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, na pia wanapolambana au kunusana, ndiyo maana wengine huota uvimbe puani au mdomoni. Ilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na sasa imeenea duniani kote. Watoto wako hawawezi kuipata, wala ng'ombe na mbuzi. Ila mpeleke apimwe: daktari atachukua seli za uvimbe na kuziangalia kwa hadubini.

Inatibika kweli?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Dawa inaitwa vinkristini. Huchomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na mbwa walio wengi hupona kabisa. Dawa ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, kwa hiyo sindano hii ni ya daktari peke yake. Mwone daktari wa mifugo wa wilaya, Mbulu mjini au Katesh. Asipokuwa na dawa, mwombe akuelekeze Arusha au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Usiuchome uvimbe kwa chuma cha moto wala kuumwagia maji ya betri. Na usikatishe dozi kwa sababu uvimbe umesinyaa. Seli chache zikibaki, unarudi.

Nimtunzeje nyumbani wakati wa sindano?

Mfunge au mtengee banda kavu, maana usiku wa Mbulu una baridi. Anaweza kutapika au kukataa chakula siku moja mbili: mpe ugali laini wenye mchuzi usio na chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo, na maji safi muda wote. Dawa hushusha kinga ya mwili. Akipata homa, akilegea au akiharisha damu, mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwa siku chache baada ya sindano, vaa glovu unapozoa kinyesi na matapishi au kusafisha mkojo wake. Wajawazito na watoto wasivishike kabisa.

Akiwa na maumivu, nimpe panado au diklofenaki?

Hapana. Dawa hizo za watu zinaweza kumharibia ini, figo au tumbo, hata kumuua. Omba dawa ya maumivu ya mbwa.

Na kama ni kansa nyingine, isiyopona?

Zipo, kama za matiti na za mifupa. Ya matiti ikiwahiwa, upasuaji unaweza kumponya. Ikiwa imeshasambaa, kazi yetu ni kumpunguzia maumivu. Siku asipoweza kusimama, hali chakula na hapati usingizi, mwite daktari amlaze kwa sindano. Rungu na sumu ni mateso, na sumu huua pia mbwa wa jirani.

Nitakingaje wengine?

Mhasi dume, jike mfunge kizazi, na usiwaache wazurure. Mkitibu mmoja huku wenzake wa kitongoji wanaumwa, ugonjwa utabaki pale pale, basi shaurianeni na majirani muwapeleke pamoja. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ni nafasi nzuri ya kumwonyesha mtaalamu. Kila unapomtoa kupe, mkague na sehemu za siri, mdomo na pua. Uvimbe mdogo hupona kwa sindano chache.