Kwa Nini Maji Hutulia Sufuriani na Gesi Hutoroka Mtungini?

Ndugu mwanafunzi, ukitumwa dukani kuleta mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, njiani utasikia kitu kikichezacheza ndani yake kama maji. Lakini jikoni hutoka gesi tupu. Je, kile kimiminika kimekwenda wapi?

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, na nyingi kati yake huitwa molekuli. Mambo mawili hushindana ndani yake: molekuli huvutana, na wakati huohuo hazitulii. Joto likizidi, mwendo wake huzidi.

(a) Mvutano ukishinda, kila molekuli hushikwa mahali pake ikabaki kutetemeka tu. Hiyo ni yabisi, mfano barafu.
(b) Mwendo ukiongezeka, molekuli hupishana bila ya kuachana. Hicho ni kimiminika.
(c) Mwendo ukiushinda mvutano, kila moja hushika njia yake. Hiyo ni gesi.

Mvutano huo haulingani kwa vitu vyote. Molekuli za maji hushikana sana, ndiyo maana maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Gesi ya kupikia ni propani na butani, ambazo molekuli zake huvutana kidogo tu. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri. Kwa hiyo katika joto letu la kawaida zote mbili ni gesi. Ili ziingie mtungini, hushindiliwa mpaka molekuli zikaribiane na mvutano uzishike. Hapo huwa kimiminika.

Ukifungua mtungi, shinikizo hupungua, na kimiminika huchemka bila ya moto. Lita moja huwa takriban lita 250 za gesi! Nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Mtungi ukivuja usiku katika jiko lililofungwa, njiti moja ya kiberiti yatosha kuunguza nyumba na waliomo.

Basi ukinusa harufu ya gesi, usiwashe moto wala usiguse swichi ya umeme. Funga mtungi ukiweza, fungua milango na madirisha, watoe watu nje, kisha waite wakubwa.

Zoezi:
1. Kwa nini nguo hukauka kambani ingawa maji yake hayajafika nyuzi 100?
2. Kwa nini mtungi hupoa gesi inapotoka kwa wingi?