Ukienda London, Anzia kwenye Mstari wa Mwisho

Makumbusho ya taifa mjini London hayatozi kiingilio. British Museum, Imperial War Museum na National Maritime Museum kule Greenwich unaingia bure, ukishakaguliwa mkoba. Ila sanduku la magurudumu British Museum hawalipokei, basi usipitie hapo ukitokea uwanja wa ndege. Pesa zako zitunze kwa ajili ya Tower of London na Westminster Abbey, ambako tiketi ni ghali. Zinunue mapema mtandaoni.

Tower fika lango linapofunguliwa, uende moja kwa moja kwenye vito vya kifalme kabla foleni haijarefuka. Huko utakuta almasi zilizokatwa kutoka jiwe la Cullinan, lililochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Kisha wafuate wale walinzi wa ngome wanaotembeza wageni. Hawadai nyongeza, na wanajua kusimulia: jinsi Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry wa Nane, alivyokatwa kichwa humo humo mwaka 1536, wanakueleza huku wakitania.

Westminster Abbey Jumapili ni ya ibada tu, kwa hiyo panga siku nyingine. Katikati ya kanisa tazama sakafuni, maana ni rahisi kulipita kaburi la mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, na moyo wake ukazikwa huko huko. Mwili wake uliletwa hadi Bagamoyo na msafara ulioongozwa na watumishi wake Susi na Chuma, safari ya miezi kadhaa kwa miguu. Jiwe la kaburi linasifu mikono miaminifu iliyombeba, lakini majina ya wenye mikono hayamo. Nao wawili walifika Uingereza mazishi yalipokwisha kupita.

Ndiyo maana nashauri popote uendapo usome kibao hadi mstari wa mwisho, pale panapotajwa kitu kilipatikanaje na mwaka gani. Halafu jiulize mwaka huo kulikuwa na nini. British Museum, pamoja na jina lake, ina mambo machache ya Waingereza wenyewe. Kofia ya vita ya Sutton Hoo, iliyofukuliwa Suffolk mwaka 1939, ndiyo ya kutafuta kwanza. Kisha teremka chini kwenye vyumba vya Afrika, uone shaba za Benin. Askari wa Kiingereza walizitwaa mwaka 1897 walipoivamia na kuiteka Benin.

Usijaribu kumaliza jumba zima, hakuna aliyeweza. Vyumba vitatu vinatosha kwa siku. Ijumaa hufungwa saa mbili na nusu usiku, na jioni hiyo watoto wa shule wameshaondoka.