SOMO: KAA KWANZA, UHESABU (Luka 14:28-30)



Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara akae kwanza, ahesabu gharama. Sisi wa Komanda tulitaka choo na bafu tu, na hatukukaa. Tulimpa fundi mwashi feza yote siku ya kwanza, kwa kuwa anasali nasi. Alichimba nusu, mvua ikanyesha, kingo zikabomoka, naye akashika njia ya Mambasa. Mpaka leo wamama, pamoja na wageni waliokimbia vita na kulala kwetu, wanaoga usiku nyuma ya nyasi. Aibu hii si ya fundi peke yake.

Sasa tumekaa. Simenti inatoka Uganda kupitia Bunia. Barabara ikiharibika, bei inapanda. Basi simenti na mabati tutanunua wenyewe, kabla ya kumwita fundi. Yeye atalipwa kazi ya mikono tu, mara tatu: shimo na msingi vikiisha, kuta na bati vikisimama, na mwisho tukimwaga maji sakafuni, yakatoka yote bila kutuama. Kila mara atie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Shimo liwe mita 30 kutoka kisima, upande wa chini.

Mawe na mchanga tutabeba sisi, kama waamini walivyojenga kwa mikono yao hekalu la Nkamba, lililofunguliwa 1981. Na fundi akimaliza sehemu yake, alipwe siku ile ile. Yakobo 5:4 inatuhusu pia.

Kama tumwite tena yule wa kwanza, tutazungumza Jumapili baada ya ibada.