Kukokotoa Masafa ya Shimo Jeusi kwa Hesabu za Kwanta: Mwongozo kwa Watafiti Wanaoanza

Jambo la kwanza: mtikisiko wa shimo jeusi si wa kwanta. Ni mtikisiko wa anga na wakati wenyewe, na unatawaliwa na nadharia ya Einstein. Tunachoazima ni hesabu tu. Ripoti inayochanganya mambo haya mawili humpotosha msomaji hata kama namba zake ni sahihi.

Hesabu hizo zinaazimika kwa sababu mwaka 1957 Regge na Wheeler walionyesha kwamba msukosuko mdogo wa shimo lisilozunguka hufuata mlinganyo wenye umbo lilelile la mlinganyo wa Schrödinger: wimbi linalokabili kizuizi chenye kilele kimoja. Mwaka 1985 Schutz na Will waliichukua mbinu ya WKB, iliyozoeleka kwa chembe zinazopenya vizuizi, wakaitumia kwenye kilele hicho.

Anza na masharti ya mipaka. Upande wa shimo wimbi liingie tu. Upande wa mbali litoke tu. Kwa kuwa nishati inapotea pande zote mbili, masafa huwa namba changamano: sehemu halisi inaonyesha kasi ya mtikisiko, na sehemu ya kufikirika inaonyesha unavyofifia.

Kisha tafuta kilele. Chukua vipimo ambamo G, c na tungamo M ni 1. Kwa l = 2 (l ni namba ya umbo la wimbi kwa pembe), kilele kipo kwenye umbali r = 3.28 na kimo chake, V₀, ni 0.1513. Daraja la kwanza la WKB, ambamo ω ni masafa na n ni namba ya mtikisiko (0 kwa ule wa msingi), ni:

ω² = V₀ − i(n + ½)√(−2V₀″)

Hapa uwe mwangalifu sana. V₀″ ni mkunjo wa kilele kwa kigezo r*, si r, na dr*/dr = 1/(1 − 2/r). Ukiweka n = 0 utapata 0.399 − 0.088i. Thamani sahihi ni 0.3737 − 0.0890i, yaani sehemu halisi imezidi kwa takriban asilimia 7. Daraja la tatu la Iyer na Will, la mwaka 1987, hutoa 0.3732 − 0.0892i. Kwa kazi nyingi hilo linatosha kabisa.

Ili kupata hezi, gawanya 12,070 kwa tungamo la shimo likipimwa kwa Jua. Kwa Jua 62 utapata kama 195. Lakini shimo la tungamo hilo lililotambuliwa na LIGO tarehe 14 Septemba 2015 lilivuma karibu na hezi 250, kwa sababu lilikuwa likizunguka kwa kasi, na mzunguko hupandisha masafa. Usitumie fomula hii kwa shimo linalozunguka.

Pia usiiamini WKB pale n inapofikia l au kuipita. Kuongeza madaraja hakuponyi kasoro hiyo. Hapo tumia njia ya Leaver ya mwaka 1985, ambayo nayo ilitokana na hesabu za molekuli ya hidrojeni iliyopoteza elektroni moja. Katika ripoti, kila thamani ya masafa iandikwe pamoja na l, n na daraja lililotumika.