Hamia Kabla Nyumba Haijaisha: Vidokezo kwa Wanaosubiri Mambo Yakamilike

Pembezoni mwa Dar es Salaam pamejengwa na watu wasiosubiri. Pita Mabwepande au Bunju upande wa Kinondoni, vuka mpaka Chamazi na Mbagala Kuu kule Temeke, utaona watu wanaishi, wanalea na kufanya biashara kwenye nyumba ambazo hazijaguswa na plasta. Ajabu ni kwamba likija suala la biashara, masomo au ufundi, wengi wetu tunajifunga wenyewe: mpaka nipate mtaji wa kutosha, mpaka nijue vizuri, nisije nikachekwa. Kama na wewe umekwama hapo, soma haya.

1. Hamia, mengine yatafuata. Mwenye kiwanja Chamazi anamaliza chumba kimoja na sebule, anapaua, anaweka mlango wa mbele na kuhamia. Madirisha mengine yamezibwa kwa mabati, sakafu ni zege tupu. Kodi aliyokuwa akilipa kwa mkupuo wa miezi sita sasa inanunua saruji. Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana: akishalala mle ndani ndipo anapojua jua la mchana linachoma chumba kipi, maji ya masika yanatuama wapi, na kwamba jiko lilitakiwa liwe upande wa pili. Ramani haikumwambia hayo. Anayesubiri mpaka marumaru na jipsamu atayakuta makosa yaleyale, ila ameshayafunika kwa gharama kubwa.

2. Tumia kilichopo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Msasani mwaka 1968 hakuwa amepita chuo cha sanaa. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa kujengea na rangi za mafuta za dukani, zile za kupaka baiskeli, akachora wanyama na ndege. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo wake bado unachorwa na kuuzwa Oysterbay. Angesubiri turubai na rangi za wasanii, ile miaka minne ingeisha hivihivi.

3. Ukikosea, angalia kwanza kilichotokea. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi ikawa inaisha, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa! Alipomuuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali lilelile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu kwa maji. Fundi akaleta jibu: yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao, na wanafizikia wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani. Mimi humfikiria sana yule fundi wa maabara. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, akalihesabu kuwa kosa kwa sababu halikufanana na alilolitegemea.

4. Acha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Kaa kidogo kwa fundi cherehani Tandika umtazame anavyoshona gauni la kitenge. Hakati kwa kubana. Ubavuni anaacha kama upana wa vidole viwili, anashona kwa kushikiza tu, kisha anamwita mteja ajaribu. "Dada, nikufungulie kidogo hapa kiunoni?" Chaki inapita, wembe unafumua nyuzi, mshono unarudiwa. Amejua tangu mwanzo kwamba atakosea mahali fulani, akajiwekea akiba. Ukitaka kuuza maandazi, anza na kilo moja ya unga. Yakiwa magumu, watoto watayala na chai, nawe utajua kesho upunguze nini.

5. Jua pa kuwa mkali. Siwatetei mafundi walipuaji hata kidogo. Nondo za lenta, nyaya za umeme, breki za bodaboda, kipimo cha dawa ya mtoto: hapo rudia mpaka iwe sawasawa, na kama hujui muite anayejua. Rangi ya ukuta inaweza kusubiri.

6. Sema mapema. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kizima, Tujisahihishe, mwaka 1962, nchi haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Mwaka 1977 akarudi na Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, akaweka hadharani yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Kwenye kikoba chenu mambo ni hayohayo. Mweka hazina aliyekosea hesabu ya elfu tano akisema wiki hii, inarekebishwa kabla chai haijapoa. Akinyamaza mpaka siku ya kugawana, mtu atanuniwa mwaka mzima. Wanakikundi nao wana wajibu: anayejitokeza na kosa lake asizomewe, la sivyo hatajitokeza mwingine.

7. Fungua daftari la mtoto pale alipokosa. Wazazi wengi tunatafuta vema kwanza, tukikuta mkasi tunapandisha sauti. Matokeo yake mtoto anajifunza kuchana kurasa. Leo jioni anza na swali alilokosa, umuulize alikuwa anafikiria nini alipoandika jibu lile, kisha umsikilize mpaka amalize.