Bomba Lililopoteza Nguvu

1. Asubuhi moja shambani

Kabungu ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Watu wa pande zile hulima mahindi, na wengi hulima pamba pia. Naye alimaye pamba hana budi kupigana na funza wa vitumba. Funza huyu hutoka katika yai dogo sana lililotagwa juu ya mmea. Siku za kwanza hutembea nje, lakini akiisha kukua kidogo hutoboa kitumba na kujificha ndani. Huko ndani dawa haimfikii tena. Kwa hiyo siku za kumshinda ni chache, na mkulima anayezipoteza huvuna pamba haba, nayo imeoza.

Asubuhi moja mkulima wa Kabungu alivaa bomba lake mgongoni, limejaa lita 16 za maji yaliyochanganywa na dawa, akaingia shambani mapema kabla upepo haujaanza kuvuma. Mistari miwili ya kwanza ilikwenda vema. Katika mstari wa tatu ule ukungu mwembamba uligeuka kuwa matone makubwa, na matone yakateleza juu ya majani yakaanguka chini. Mkulima akapiga mpini kwa haraka zaidi. Jasho likamtoka, lakini maji hayakuongezeka. Ndipo alipofungua nozeli, yaani kile kidomo kidogo kilicho mwisho wa bomba, akaiinua ili aipulize kwa kinywa chake.

“Acha! Usitie kinywani!” Sauti hiyo ilitoka njiani. Alikuwa mzee jirani yake, fundi wa baiskeli, aliyekuwa akipita.

“Shikamoo, mzee wangu,” alisema mkulima, akashusha mkono.

“Marahaba, mwanangu. Dawa hiyo haijui tofauti ya funza na mtu. Nozeli haipulizwi kwa kinywa hata siku moja. Sasa niambie, mpini ulikuwa mzito au mwepesi?”

“Mpini? Sikuuangalia mpini, mzee. Niliyatazama maji tu.”

Mzee akatikisa kichwa. “Basi umemtazama mgonjwa mdomoni, wala hukumshika mkono.”

2. Jinsi bomba lifanyavyo kazi

Kabla ya kusikia mzee alifanya nini, na tujue kwanza njia ya maji ndani ya bomba lile. Maana hakuna awezaye kutafuta kilichopotea katika njia asiyoijua.

Safari ya maji huanza katika tangi. Kwenye mdomo wa tangi pana kichujio cha kuzuia majani na mchanga, na juu yake mfuniko wenye tundu dogo la kuingiza hewa. Chini ya tangi pana silinda, na ndani ya silinda pistoni yenye wosha ya ngozi au ya mpira. Mkulima akivuta mpini, pistoni hunyonya maji kutoka tangini. Akiusukuma, maji hupelekwa mbele. Vali mbili ndogo hufunguka na kufunga kwa zamu, ili maji yasirudi nyuma.

Kutoka hapo maji huingia katika chumba cha hewa. Hewa iliyomo hubanwa, nayo ikibanwa hutaka kutanuka tena kama springi. Ndiyo sababu ukungu hutoka bila kukatika, ingawa mpini huenda juu na chini. Mwisho maji hupita katika mpira, katika mkono wa kufungulia wenye kichujio kidogo ndani yake, katika fimbo ya bomba, na kutoka katika tundu jembamba la nozeli.

Msukumo wa maji hupimwa kwa baa. Baa moja ni kama msukumo utokao chini ya nguzo ya maji yenye kimo cha mita 10. Mabomba ya mgongoni hufanya kazi kwa baa 1 hadi 4 hivi. Basi mkulima anayefikisha baa 3 ana nguvu sawa na ya maji yanayoshuka kutoka tangi lililo juu mita 30, kupita kimo cha miembe mingi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, ndiye aliyeeleza kwamba maji yaliyofungiwa yakisukumwa mahali pamoja, msukumo ule huenea pande zote. Kwa hiyo ufa mdogo mahali popote kwenye njia ya maji hupunguza nguvu yote.

Kuna jambo jingine la ajabu. Ukitaka nozeli ile ile itoe maji maradufu, haitoshi kuongeza msukumo mara mbili. Yakupasa kuuongeza mara nne. Ndiyo sababu yule mkulima alichoka upesi asipate kitu. Nguvu za mikono haziwezi kushinda kasoro ya bomba.

3. Zamani za chombo hiki

Bomba la mgongoni lina historia yake. Katika miaka ya 1880 mizabibu ya Ufaransa ilipatwa na ugonjwa wa ukungu. Profesa Millardet wa mji wa Bordeaux alitangaza mwaka 1885 dawa ya mrututu uliochanganywa na chokaa. Mwanzoni wakulima waliichovya kwa vifagio na kuirusha juu ya majani. Nyingi ilianguka chini bure. Hapo mafundi walitengeneza mabomba ya kubeba mgongoni. Tangu siku zile hata leo kazi yake ni moja: kuyavunja maji yawe matone madogo sana, yanayoshika juu ya jani na chini yake. Bomba lisilo na nguvu humrudisha mkulima kwenye kifagio.

4. Mpini hutoa ushahidi

Bomba dhaifu lina magonjwa ya namna mbili, nayo hufanana sana yakitazamwa kwenye nozeli. Kwa yote mawili maji hutoka haba. Lakini mpini huyatofautisha.

Mpini ukiwa mzito na maji haba, kuna kuziba. Pampu inasukuma, ila mbele yake njia imefungwa. Tafuta kwenye nozeli, kwenye kichujio cha mkono wa kufungulia, na kwenye mpira uliokunjika. Hapa kuongeza nguvu ni hatari, maana mpira waweza kupasuka na dawa ikamrukia mtu.

Mpini ukiwa mwepesi na maji haba, pampu haisukumi ipasavyo. Huenda wosha imekauka au kupasuka. Huenda mchanga umeingia katika vali, nayo haifungi. Huenda tangi linakaribia kwisha, au kichujio cha njia ya kunyonya kimeziba, nayo silinda haijai. Au mpira unavuja kwenye kiungo. Wosha ya ngozi iliyokauka hulainishwa kwa mafuta. Ya mpira iliyopasuka haina dawa ila kubadilishwa. Hapo ndipo ile methali inapofaa: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna dalili mbili nyingine. Bomba likianza vizuri kisha likilegea kidogo kidogo, jaribu kulegeza mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la mfuniko limeziba. Na ukungu ukitoka kwa kurukaruka, kila pigo la mpini na mruko wake, angalia chumba cha hewa. Kimejaa maji au kina ufa, nayo ile springi ya hewa haipo tena.

5. Mzee afanya kazi

Mkulima akasukuma mpini tena. “Ni mzito, mzee. Mzito sana.”

“Vema. Basi hatutagusa pampu. Tutafuata njia kutoka pampu kwenda mbele.”

Kwanza mzee alimwamuru anawe mikono kwa sabuni na kuvaa glavu. Kisha bomba lilitelemshwa chini, na mkono wa kufungulia ukaelekezwa kwenye mstari wa pamba na kubanwa mpaka maji yakaacha kutoka. Maana bomba lenye msukumo ndani halifunguliwi. Dawa iliyobaki tangini ikamiminwa katika ndoo yenye mfuniko, isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote. Tangi likasuuzwa mara tatu kwa maji safi, na maji yale yakamwagwa juu ya pamba ile ile, wala si karibu na kisima au mto. Binti wa mkulima, aliyesoma darasa la sita, alisogea ili aone. Baba yake akamwambia asimame mbali, upande upepo utokako.

Wakatia maji matupu. Wakaondoa nozeli na kupiga mpini. Maji yakatoka haba vile vile.

“Umeona?” akasema mzee. “Nozeli imeondolewa, na bado yanazuiliwa. Basi kizuizi kiko nyuma ya nozeli.”

Wakafungua mkono wa kufungulia. Kichujio chake kilikuwa kimefunikwa na tope zito kama uji. Mkulima akakiri kwamba siku ile alichota maji mtoni baada ya mvua, akayatia bila kuyachuja kwa kitambaa, tena kichujio cha juu alikuwa amekitoa ili tangi lijae upesi. Kichujio kikaoshwa kwa brashi laini, na maji yakatoka kwa nguvu.

Wakarudisha nozeli. Nguvu ilikuwapo, lakini ukungu haukuwa sawa. Upande mmoja ulikuwa mwembamba, upande mwingine mchirizi.

“Je, uliwahi kuizibua kwa waya?” mzee akauliza.

“Ndiyo, mzee, mwaka jana.”

“Basi waya uliitanua. Nozeli huzibuliwa kwa maji, kwa brashi laini, au kwa unyasi. Si kwa waya wala mwiba. Tundu likitanuka, msukumo hushuka na dawa humwagika kupita kipimo.”

Mkulima alikuwa na nozeli mpya ya namna ile ile katika kikasha. Mzee akakinga maji ya nozeli ya zamani katika jagi la kupimia kwa dakika moja, kisha ya mpya vivyo hivyo, mpini ukipigwa kwa mwendo ule ule. Ya zamani ilizidi sana. Nozeli ikizidi mpya kwa sehemu moja ya kumi, imekwisha kuchakaa. Wakafunga mpya, wakarudisha dawa tangini kwa kuichuja, na mkulima akamaliza shamba lake kabla jua halijawa kali.

6. Tunayojifunza

Chombo kingine chochote kinachosukuma maji hufuata kanuni hii. Mjini kuna mashine za umeme za kuoshea mazulia na magari. Nazo zina tangi, pampu, kichujio, mpira na nozeli. Hazina mpini wa kutoa ushahidi, lakini mtu aweza kuondoa nozeli na kuona kama maji yanafika kwa nguvu au la. Yakifika, kasoro iko kwenye nozeli. Yasipofika, iko nyuma yake. Hivyo fundi hugawanya njia na kupima sehemu moja baada ya nyingine, wala habadilishi vitu vyote kwa pamoja.

Nguvu ikipungua, usikimbilie kuiongeza. Uliza kwanza inapotelea wapi.

Maswali

1. Kwa nini siku za kumwangamiza funza wa vitumba ni chache?
2. Taja, kwa utaratibu, sehemu ambazo maji hupita kutoka tangini hadi kwenye nozeli.
3. Mpini mzito waonyesha nini? Mpini mwepesi waonyesha nini?
4. Mzee alijuaje kwamba kizuizi kiko nyuma ya nozeli?
5. Eleza kwa nini nozeli haipulizwi kwa kinywa, wala haizibuliwi kwa waya.
6. Mkulima alifanya makosa gani kabla ya kuingia shambani? Andika shauri ambalo ungempa kwa maneno yako mwenyewe.