Mvinyo Mwekundu Mzito: Vidokezo 12 vya Kuonja na Kutoa Alama Ukiwa Kwako Eastlands

Duka la pombe la mtaani si tena la bia na pombe kali peke yake. Pita Mutindwa, Donholm au Fedha utaona rafu nzima ya mvinyo nyuma ya wavu wa chuma: chupa za Afrika Kusini, Chile na Uhispania zimejipanga, moja ikiuzwa mara tatu ya bei ya iliyo kando yake. Wanunuzi wengi huchukua ile aliyoisifu shemeji au ile yenye picha ya kupendeza. Kuna njia bora, na haihitaji kozi wala hoteli ya Westlands: ficha jina la chupa, onja polepole, andika alama. Kinywa kilichokulia kwenye chai ya rangi na nyama choma kina ujuzi mwingi ambao mwenyewe hajauhesabu. Haya ni ya waliotimiza miaka 18, na ambao hawana safari ya kuendesha gari baadaye.

1. Hakikisha ni mzito kweli

Mvinyo mwekundu unaonunuliwa sana mitaani ni mtamu na mwepesi. Hauna kosa, lakini si huu tunaouzungumzia. Kwenye lebo, ruka ulioandikwa "natural sweet" utafute "dry", kisha tazama jina la zabibu: Shiraz, Cabernet Sauvignon, Malbec au Pinotage. Kiwango cha kilevi nacho kinasema kitu. Mvinyo mzito kwa kawaida huwa kati ya asilimia 13.5 na 15. Pinotage ni ya bara letu: Profesa Abraham Perold aliipata Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut. Karibu zaidi kuna Leleshwa ya Naivasha, iliyopewa jina la kichaka cha Bonde la Ufa, na kuna mivinyo ya Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ukipata ya Afrika Mashariki, iweke kwenye shindano na ya kutoka ng'ambo.

2. Kagua kabla ya kulipa

"Boss, nipitishie hiyo chupa niione vizuri." Hakuna mwenye duka mwaminifu atakayekasirika. Tazama stempu ya ushuru ya KRA, kisha uikague kwa simu ukitumia programu yao ya Soma Label. Angalia kama kizibo kimevuja au kimejisukuma juu, dalili kwamba chupa imepigwa na joto. Chupa iliyosimama dirishani ikiota jua la mchana kwa miezi, iache hapo hapo hata ikipunguzwa bei. Omba ya ndani, kwenye kivuli.

3. Onja kabla majiko hayajawaka

Kwenye ploti ambako milango inatazamana, pua yako ni ya kila mtu. Ikifika saa moja usiku, huku kuna vitunguu vinakaangwa, kule kuna omena, na mvinyo wako hauwezi kushindana nazo. Saa kumi alasiri ya Jumapili ni saa nzuri: chakula cha mchana kimeshuka, cha jioni hakijaanza. Usijipulizie marashi. Usipige mswaki muda mfupi kabla, kwa sababu dawa ya meno hufanya mvinyo uonekane mchungu hata kama hauna hatia. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma vingoje.

4. Poza kidogo

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika "joto la chumba" ulitoka Ulaya, enzi za nyumba za mawe zenye baridi. Unachotaka ni nyuzi 16 hadi 18. Usiku wa Julai kule Buruburu, chupa inaweza kutoka kabatini ikiwa tayari. Lakini ukiishi ghorofa ya juu kabisa Pipeline, chini ya mabati, mchana wa Januari, chupa hiyo iko karibu na kuchemka. Itie kwenye friji dakika 20 hadi 30. Kama huna friji, isimamishe kwenye sufuria ya maji baridi na ubadilishe maji mara moja. Ikiwa moto mno, kilevi kitakurukia puani kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa baridi mno, harufu itajificha na ukakasi utazidi.

5. Glasi, karatasi nyeupe na jagi

Glasi ya mguu iliyobana kidogo mdomoni ndiyo inayofaa, kwa kuwa inaikusanya harufu. Ukikosa, bilauri yoyote safi ya kioo itatosha, mradi wote mtumie za aina moja. Inuse kwanza ikiwa tupu. Ikinuka sabuni au kabati, isuuze tena. Mimina mililita 50 tu, yaani vijiko vitatu vikubwa na chembe. Iinamishe juu ya ukurasa wa daftari wenye maandishi. Kama huwezi kuyasoma kupitia mvinyo, rangi imekolea. Ukingo wa zambarau mara nyingi ni dalili ya mvinyo mchanga. Ukingo wa rangi ya tofali ni dalili ya umri. Kiasi kingine kimimine kwenye jagi kikae nusu saa kikipata hewa, ukionje baadaye ulinganishe. Mvinyo mzito ukiwa bado mchanga hulainika kwa njia hiyo.

6. Ficha jina

Hiki ndicho kidokezo ambacho ukikiruka, vingine vyote vinapungua thamani. Mwaka 2001 mtafiti Frédéric Brochet alichapisha jaribio alilofanya Bordeaux: alitia rangi nyekundu isiyo na ladha kwenye mvinyo mweupe akawapa wanafunzi 54 wa somo la mvinyo. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshatoa hukumu. Mwaka 1976 mjini Paris, majaji tisa wa Ufaransa walionja bila kuona lebo, na mvinyo mwekundu uliowekwa wa kwanza ukawa wa California, Stag's Leap wa 1973, mbele ya majina makubwa ya kwao.

Nyumbani, funga kila chupa kwa gazeti hadi shingoni na uandike A, B, C. Kazi hii mpe asiyekunywa. Karibu kila ploti inaye, na yeye peke yake ndiye ajue siri. Chupa tatu kwa watu sita zinatosha kabisa. Mkichanga, kila mtu anatoa nusu ya bei ya chupa.

7. Nusa mara mbili, kwa msamiati wako

Nusa kwanza glasi ikiwa imetulia. Kisha izungushe taratibu juu ya meza, unuse tena. Harufu zitakuwa zimefunguka. Vitabu vya wageni vitakuambia utafute matunda ya misitu ya Ulaya ambayo hujawahi kuyatia mdomoni. Achana nayo. Tumia ya Marikiti na Muthurwa: zambarau zilizoiva, forosadi, plamu za Limuru, pilipili manga, karafuu, kahawa iliyokaangwa, tumbaku, ngozi ya kiatu kipya, moshi wa makaa. Shiraz mara nyingi ina pilipili manga. Cabernet inaweza kukukumbusha pilipili hoho mbichi. Pinotage nyingine zina moshi.

Kuna harufu za kukataa pia. Ukisikia siki, hewa iliingia. Ukisikia boksi la katoni lililonyeshewa, kizibo kimeuharibu mvinyo. Hautakudhuru, lakini usiupe alama. Rudisha chupa na risiti.

8. Jifunze tanini kwa strungi

Tanini ndiyo inayoupa mvinyo huu uzito wake, nayo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwenye mapipa ya mwaloni. Ukitaka kuitambua, chemsha majani ya chai dakika kumi bila maziwa wala sukari. Piga funda moja. Ule ukavu unaoshika ufizi na ndani ya mashavu, kama aliyekula zambarau mbichi, ndio wenyewe. Sasa chukua funda la mvinyo, lizungushe mdomoni sekunde tano na ujiulize mambo matatu. Ufizi umekauka kiasi gani, na ukavu huo ni laini au unakwaruza? Mate yamejaa pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu, na bila huo mvinyo mzito unachosha. Koo limepata moto? Hicho ni kilevi. Mvinyo mzuri ni ule ambao hakuna mmoja kati ya hao anayepiga kelele kuliko wenzake.

9. Tema bila aibu

Wanaoonja kwa kazi hutema. Weka sufuria kuukuu au ndoo ndogo katikati ya meza, na wa kwanza kuitumia awe mwenye nyumba, ili wageni wasione haya. Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14 ina mililita 105 za kilevi halisi. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa hiyo chupa moja ni Tusker tano kamili. Mtu akimeza kila funda tangu chupa A, alama za chupa C zitakuwa za ukarimu mno. Kati ya chupa na chupa, kunywa maji na utafune kipande cha ugali mkavu usio na chumvi. Unasafisha kinywa vizuri kuliko mkate wenye sukari.

10. Toa alama juu ya 20

Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitumia mizani ya 20, na majaji wa Paris pia. Ile ya 100 iliyosambazwa na Mmarekani Robert Parker huanzia 50, kwa hiyo 80 iliyobandikwa kwenye chupa si kubwa kama inavyosikika. Kwa meza ya nyumbani, gawanya hivi:

- Rangi na usafi: 2
- Harufu: 5
- Mizani ya tanini, uchachu na kilevi: 7
- Ladha inayobaki baada ya kutema: 4
- Ningeununua tena kwa pesa yangu: 2

Kwa ladha inayobaki, hesabu sekunde. Chini ya tano ni fupi. Kumi ni nzuri. Kumi na tano na zaidi, upe zote nne. Kila mtu aandike kimyakimya kabla ya mazungumzo kuanza, la sivyo mwenye sauti kubwa atawapigia wote kura. Kisha asiyekunywa azisome alama kwa sauti na kuzijumlisha mbele ya kila mtu, kama Fomu 34A ya matokeo ya kura, ndipo gazeti lifunguliwe. Bei itajwe mwisho kabisa.

11. Leta nyama, uonje tena

Tuma mtu soko la Burma akanunue mbavu za mbuzi, au mchome wenyewe. Andikeni alama za pili, kando ya zile za kwanza. Protini na mafuta ya nyama hushikana na tanini, na chumvi hupunguza uchungu, kwa hiyo mvinyo uliokwaruza peke yake unaweza kulainika na kupanda ghafla. Mutura yenye mafuta nayo inafanya kazi nzuri.

Angalia vitatu. Pilipili kali huufanya moto wa kilevi uongezeke, basi kachumbari iwe ya upole. Managu na mboga nyingine chungu hujumlisha uchungu juu ya uchungu. Na samaki, hasa omena, akikutana na mvinyo mwekundu huacha ladha ya chuma mdomoni. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo yanayoichochea.

12. Usimwage masalio, wala usitupe daftari

Funga kizibo, weka friji, hata kama ni mvinyo mwekundu. Utakaa vizuri siku tatu hivi, na mzito mara nyingine huwa mtamu wa kinywa zaidi siku ya pili. Onja kesho yake jioni uandike alama ya tatu. Ukishachacha, utie kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe mapema, uchemke pole pole na nyanya, hadi ukali uishe.

Daftari liwe na tarehe, zabibu, nchi, bei na alama zote tatu. Baada ya chupa kadhaa utaanza kuona mwelekeo: labda unapenda Malbec kuliko Cabernet, labda chupa ya bei ya kati inaishinda ya juu kila mara ikiwa imefungwa gazeti. Kisha gawanya bei kwa alama ujue kila alama inakugharimu shilingi ngapi. Ukienda dukani tena, piga picha ukurasa huo uende nao kwenye simu, na shemeji akianza kusifu chupa yake, mwambie ailete Jumapili, ifungwe gazeti.